Monasteri ya Mtakatifu Katarina: Hija ya usiku na utata wa ardhi chini ya Mlima Sinai

NI saa nane usiku. Katika bonde jembamba lililozungukwa na milima ya mawe matupu, ngamia wamelala mchangani huku wenyewe, Wabedui waliojifunga vilemba hadi puani, wakiwanadi kwa mahujaji kwa lugha tano au sita: ngamia, ngamia, mzuri, mwendo mrefu!

Mahujaji wengi hukataa kwanza. Huwasha tochi zao, wakajikaza na kuanza kupanda kwa miguu. Baada ya nusu saa baadhi yao hugeuka na kuuliza bei kwa sauti ya unyonge.

Hivyo ndivyo safari ya kupanda Jebel Musa, mlima ambao Wakristo, Waislamu na Wayahudi wengi wanauhusisha na Nabii Musa na zile Amri Kumi, inavyoanza karibu kila usiku katika rasi ya Sinai nchini Misri. Na nyuma ya ngamia hao, gizani, zipo kuta za granite za Monasteri ya Mtakatifu Katarina, ambamo watawa wamekuwa wakisali bila kukoma kwa karibu miaka 1,500.

Kwa miaka mingi mgeni aliyefika hapo alitaka kujua mambo matatu tu: kichaka kiko wapi, mlima una urefu gani, na chai inauzwa wapi. Tangu Mei 2025 limeongezeka swali la nne, nalo ni zito kuliko hayo yote: mahali hapa ni pa nani?

Ili kulielewa swali hilo sharti kwanza tupaelewe mahali penyewe.

Mlima na ngome

Jebel Musa una urefu wa mita 2,285 kutoka usawa wa bahari. Kwa sisi wa Afrika Mashariki takwimu hiyo haitishi hata kidogo, maana mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza katika vibanda vya Mandara akiwa tayari juu zaidi ya kilele hicho cha Musa. Wala si mlima mrefu kuliko yote ya Sinai, kwani jirani yake, Jebel Katarina, unazidi mita 2,600 na ndio mrefu kuliko yote nchini Misri.

Lakini hakuna anayekwenda pale kwa ajili ya urefu.

Wataalamu wa historia na akiolojia bado wanabishana kama huu ndio mlima unaotajwa katika kitabu cha Kutoka. Ipo milima mingine kadhaa iliyopendekezwa, ndani ya Sinai na nje yake. Lisilobishaniwa ni kwamba kufikia karne ya nne baada ya Kristo, wakaapweke wa Kikristo walikuwa wameshaamini kuwa ni huu, na walikuwa wakiishi katika mapango yaliyouzunguka. Mwanamke msafiri aitwaye Egeria, aliyetoka pande za magharibi mwa Ulaya na kuzuru Sinai miaka ya 380, aliwakuta watawa, akaliona kanisa na akaonyeshwa kichaka kilichoaminika kuwa ndicho Musa alichokiona kikiwaka moto bila kuteketea.

Wakaapweke hao waliishi kwa hofu ya kushambuliwa na wavamizi wa jangwani. Ndipo Kaisari Justiniani wa Konstantinopoli, aliyetawala kuanzia mwaka 527 hadi 565, alipoamuru wajengewe ngome na ndani yake kanisa. Maandishi yaliyochongwa katika boriti za paa la kanisa hilo yanamtaja kaisari huyo kama mtu aliye hai na mkewe, Theodora, kama marehemu. Kwa kuwa Theodora alifariki mwaka 548, wataalamu wanakubaliana kuwa paa hilo liliezekwa kati ya mwaka huo na 565. Boriti hizo zipo mpaka leo.

Ngome hiyo haikuwa na mlango wa kawaida kwa karne nyingi. Mgeni, awe askofu au mfanyabiashara, alifungwa katika kikapu au kitanzi cha kamba akavutwa juu kwa roda hadi kwenye tundu lililo juu ukutani. Leo wageni wanaingia kwa mlango mdogo, lakini kibanda cha roda hiyo bado kinaning'inia ukutani, na ukikiona utaelewa mara moja jinsi watu hao walivyoijua dunia iliyowazunguka.

Msomaji atauliza: watawa hao ni wa dhehebu gani? Ni Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki. Idadi yao ni ndogo, takriban 20 hivi, na wengi ni wazaliwa wa Ugiriki. Kiongozi wao ni abati na papo hapo ni Askofu Mkuu wa Sinai, ambaye huwekwa wakfu na Patriaki wa Yerusalemu. Kwa hiyo monasteri hiyo ni kama kanisa dogo linalojitegemea.

Mtu aliyezoea abasia zetu za Wabenediktini, mathalani Peramiho iliyoanzishwa mwaka 1898 au Ndanda iliyoanzishwa mwaka 1906, asitarajie kukuta hospitali kubwa, karakana na shule. Kazi ya watawa wa Sinai ni sala. Ibada ya kwanza huanza kukiwa bado giza, wakati mahujaji wako nusu ya mlima.

Katarina ni nani?

Jina la Katarina ni la kawaida sana katika parokia zetu, na wapo mabibi wengi walioitwa hivyo bila kujua habari za Sinai. Kwa mapokeo, Katarina alikuwa binti msomi wa Aleksandria aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya nne kwa kukataa kuikana imani yake, baada ya kuwashinda kwa hoja wanafalsafa waliotumwa kumgeuza. Inasimuliwa kuwa malaika waliuchukua mwili wake na kuulaza juu ya mlima unaoitwa kwa jina lake, na karne kadhaa baadaye watawa wakaukuta na kuushusha.

Wanahistoria hawana ushahidi wa maisha yake kutoka enzi zake. Kwa sababu hiyo Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake katika kalenda ya kiliturujia mwaka 1969, kisha ikarejeshwa mwaka 2002 kama kumbukumbu ya hiari. Monasteri yenyewe haikujengwa kwa jina lake. Jina hilo lilienea baada ya habari za masalia yake kufika Ulaya katika Enzi za Kati na kuwavuta mahujaji.

Ndani ya kuta

Wageni wanaruhusiwa kuingia kwa saa chache tu za asubuhi, na kwa kawaida milango hufungwa siku za Ijumaa, Jumapili na sikukuu kubwa. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshafika, jambo linalosikitisha kwa mtu aliyetoka mbali. Ulizia mapema.

Ukishapita mlango, jambo la kwanza linaloshangaza ni udogo wa mahali penyewe. Vijia vimebanana kama vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kuta za kila enzi zimeegemeana, na mnara wa kengele umesimama hatua chache tu kutoka kwenye mnara wa msikiti.

Naam, msikiti. Ndani ya monasteri hii ya Kikristo upo msikiti mdogo uliotokana na enzi za watawala wa Kifatimiya, na mimbari yake ya mbao ina maandishi ya mwaka unaolingana na 1106. Watawa hawakuubomoa hata baada ya tawala kubadilika mara nyingi. Tutarudi kwenye jambo hili.

Kichaka chenyewe ni mmea wa jamii ya matunda ya miiba, wenye matawi marefu yanayoning'inia juu ya ukuta wa mawe. Zamani mahujaji waliyakatakata matawi yake wakaondoka nayo, na ndiyo sababu ukuta ule umeinuliwa. Mbele ya kichaka, nyuma ya altare ya kanisa kubwa, kipo kikanisa kidogo ambacho hakuna anayeingia na viatu. Kwa Mwafrika wa pwani, Mwislamu au Mkristo, kuvua viatu mlangoni si jambo geni, lakini hapa agizo linatokana na kisa chenyewe cha Musa kuambiwa avue viatu kwa kuwa amesimama mahali patakatifu.

Katika ukuta wa duara juu ya altare ya kanisa kubwa ipo mozaiki ya karne ya sita inayoonyesha Yesu aking'ara sura, akiwa na Musa upande mmoja na Eliya upande mwingine. Wachoraji hawakuwachagua manabii hao kwa kubahatisha. Wote wawili, kwa mujibu wa Biblia, walikutana na Mungu katika mlima huu, Musa kwa moto na Eliya kwa sauti ya utulivu.

Aidha, monasteri inahifadhi takriban ikoni 2,000, yaani picha takatifu zilizochorwa juu ya mbao. Baadhi yake, ikiwamo picha mashuhuri ya Kristo iliyochorwa kwa rangi zilizochanganywa na nta katika karne ya sita, ni miongoni mwa picha chache sana za namna hiyo zilizosalia duniani.

Kwa nini zilisalia hapa? Jibu linawashangaza wengi. Kati ya mwaka 726 na 843 makaisari wa Konstantinopoli kwa vipindi viwili walipiga vita picha takatifu, na maelfu ya picha yakateketezwa katika nchi zao. Sinai wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Waislamu, hivyo amri za kaisari Mkristo hazikuweza kufika. Picha za Kristo ziliokoka kwa sababu monasteri ilikuwa katika dola ya Kiislamu.

Kuna ikoni nyingine, ya karne ya 12, ambayo mgeni hataisahau. Inaonyesha ngazi ndefu kutoka ardhini hadi mbinguni, watawa wakipanda mmoja baada ya mwingine, na vishetani vyeusi vikiwavuta kwa kamba na mishale ili waanguke. Picha hiyo inatokana na kitabu cha Yohane Klimako, abati wa hapo hapo Sinai katika karne ya saba, aliyeyagawa maisha ya kiroho katika vidato 30. Katika picha hiyo wanaoanguka nao ni watawa.

Nje kidogo ya kuta ipo bustani, na ndani ya bustani ipo nyumba ya mafuvu. Kwa kuwa ardhi ya kuzikia ni haba, mtawa akifa huzikwa kwa muda katika kaburi dogo, kisha mifupa yake hutolewa na kupangwa pamoja na ya wenzake: mafuvu upande wake, mifupa ya mikono na miguu upande wake. Mmoja tu amekalishwa mzima, amevikwa mavazi ya kitawa. Huyo ni Stefano, aliyekuwa akikaa kwenye njia ya mlimani katika karne ya sita kuwapokea toba mahujaji kabla ya kuwaruhusu waendelee juu.

Kitabu kilichoazimwa

Maktaba ya monasteri ina miswada ya kale zaidi ya 3,000, na mara nyingi hutajwa kuwa ya pili duniani baada ya Vatikani kwa utajiri wa miswada ya Kikristo. Imeandikwa kwa Kigiriki, Kiarabu, Kisiria, Kijojia, Kislavoni, Kihabeshi na lugha nyingine kadhaa. Hewa kavu ya jangwani ndiyo mhifadhi wake mkuu.

Hata hivyo, kitabu chake mashuhuri kuliko vyote hakipo.

Mwaka 1844 msomi wa Kijerumani, Constantin von Tischendorf, alifika Sinai akitafuta nakala za kale za Biblia. Aliondoka na kurasa 43 za ngozi zilizoandikwa Kigiriki, ambazo ziko Leipzig hadi leo. Baadaye alidai kuwa alizikuta katika kapu zikisubiri kuchomwa moto. Watawa wamekanusha dai hilo kizazi hadi kizazi, na kusema kweli ni vigumu kuamini kuwa watu waliotunza vitabu kwa miaka zaidi ya 1,000 wangeota moto kwa Biblia.

Alirudi mwaka 1853 bila mafanikio, kisha mwaka 1859 akiwa na udhamini wa Kaisari wa Urusi, Aleksanda wa Pili. Safari hiyo alionyeshwa sehemu kubwa ya kitabu kile kile, ikiwamo Agano Jipya zima. Ni nakala ya karne ya nne, na ndiyo nakala kamili ya Agano Jipya iliyo ya kale kuliko zote zinazojulikana. Wataalamu wanaiita Kodeksi ya Sinai.

Tischendorf aliomba kuiazima ili inakiliwe, akaacha barua iliyosainiwa Septemba 1859 akiahidi kuirudisha itakapohitajika. Haikurudi. Mwaka 1869 ilipatikana hati ya kuitoa zawadi kwa Kaisari, lakini mazingira ya kupatikana kwake, wakati ambapo askofu mkuu mpya wa Sinai alihitaji sana msaada wa Urusi ili atambuliwe, yanawafanya watawa wasiihesabu kuwa ya haki.

Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti, isiyokuwa na haja na Biblia bali na fedha za kigeni, iliiuza Kodeksi hiyo kwa Uingereza kwa pauni 100,000. Kurasa 347 ziko London mpaka sasa. Barua ya Tischendorf inabaki Sinai, na wageni wameonyeshwa kwa miaka mingi kama mtu anavyoonyesha hati ya deni lisilolipwa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1971 moto uliunguza sehemu ya monasteri, na mwaka 1975, katika kusafisha na kukarabati, watawa waligundua chumba kilichozibwa upande wa ukuta wa kaskazini. Ndani yake mlikuwamo miswada na vipande zaidi ya 1,000, ikiwamo kurasa 12 za Kodeksi ile ile. Mwaka 2009 taasisi za London, Leipzig, Saint Petersburg na monasteri yenyewe zilikamilisha kazi ya kuziweka kurasa zote pamoja katika intaneti. Hivyo kitabu kilichotawanyika katika miji mitatu na jangwa moja sasa kinasomeka kizima, ingawa kwenye kioo tu.

Uvumbuzi mwingine unaendelea kutoka mle mle. Ngozi za kuandikia zilikuwa ghali, kwa hiyo waandishi wa zamani walikwangua maandishi ya zamani na kuandika mapya juu yake. Kuanzia mwaka 2011 wataalamu wamepiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, ile inayoonekana na isiyoonekana kwa macho, na maneno yaliyofutwa yakajitokeza. Miongoni mwake yamo maandishi ya lugha ya Waalbania wa Kaukasi, iliyokwisha kufa zamani na ambayo mabaki yake ni machache mno.

Mkono wa Mtume

Turudi kwenye ule msikiti. Watawa wa Sinai wanasema kuwa Mtume Muhammad aliwapa hati ya ulinzi, akiagiza kuwa makanisa yao yasivunjwe, watawa wasitozwe kodi na asiwepo wa kuwalazimisha waache dini yao. Inaelezwa kuwa hati ya asili ilichukuliwa na Sultani Selim wa Kwanza baada ya kuiteka Misri mwaka 1517, naye akawaachia nakala. Nakala hizo zina alama ya kiganja cha mkono.

Wanahistoria wengi wana shaka kama hati hiyo ni ya enzi za Mtume kweli. Lakini kwa historia ya monasteri shaka hiyo haina uzito mkubwa kama mtu anavyoweza kudhani. Jambo lenye uzito ni kwamba watawala wa Misri, mmoja baada ya mwingine, waliiheshimu, na monasteri haikubomolewa. Kwa Waislamu nako mlima huu si wa wageni, kwani Qur'ani inautaja Mlima Sinai, na juu ya kilele msikiti mdogo umesimama karibu na kikanisa kilichojengwa mwaka 1934 kwa mawe ya kanisa la kale lililobomoka.

Walinzi halisi wa kila siku ni Wabedui wa kabila la Jebeliya, jina lenye maana ya watu wa mlimani. Mapokeo yao, yanayoungwa mkono na maandishi ya kale, ni kwamba mababu zao waliletwa na Justiniani kutoka pande za Balkani na Misri ili wailinde na kuihudumia monasteri. Baadaye walisilimu. Wameendelea kuwa wakulima wa bustani zake, mafundi wake, na waongozaji wa mahujaji wake. Wale wenye ngamia tuliokutana nao saa nane usiku ndio hao.

Kupanda

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ile ya ngamia, pana na yenye mwinuko wa taratibu, iliyochongwa katika karne ya 19 kwa amri ya Abbas Pasha, mtawala wa Misri. Ya pili ni Ngazi za Toba, vidato vipatavyo 3,750 vya mawe ambavyo mapokeo yanasema vilijengwa na watawa kama kitubio. Ukipanda kwa ngamia, jua kuwa mnyama huyo anaishia njiani. Vidato takriban 750 vya mwisho ni kwa miguu yako mwenyewe, awe tajiri au maskini.

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida safari ya kupanda ni kama saa mbili na nusu hadi tatu. Mwongozaji wa Kibedui ni lazima. Wanaodhani jangwa ni joto wakati wote watajuta: majira ya baridi nyuzi hushuka chini ya sifuri na theluji huanguka. Chukua koti zito, kofia na tochi. Njiani vipo vibanda vya chai na huko juu mablanketi hukodishwa, lakini usiyategemee.

Jua likichomoza, milima inayoonekana haina mti wala nyasi, ni mawe mekundu hadi upeo wa macho. Vikundi huanza kuimba, kila kimoja kwa lugha yake na bila kungojana. Ni kelele, na mtu aliyetarajia ukimya wa Eliya anaweza kuudhika. Ushauri wangu ni ashuke kwa Ngazi za Toba wengine wakiwa bado wanapiga picha. Atapita penye bonde lenye mvinje wa kale na kikanisa cha Eliya, na hapo ukimya upo wa kutosha.

Wakristo wa Afrika Mashariki wanaokwenda hija ya Nchi Takatifu kwa kupitia Misri hufika Sinai kwa basi kutoka Cairo, mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kupitia chini ya Mfereji wa Suez. Wengine hutokea Sharm el-Sheikh, ambako ni karibu zaidi. Njiani vituo vya ukaguzi ni vingi, na pasipoti isiwe mbali na mkono. Masuala ya viza yaulizwe ubalozi wa Misri ulioko Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kulipia safari.

Kuhusu usalama, ukweli usifichwe. Kaskazini ya Sinai ilikumbwa na uasi wa silaha kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 2011. Oktoba 2015 ndege ya abiria ya Urusi iliyotoka Sharm el-Sheikh iliangushwa, na watu 224 wakafa. Aprili 2017 askari polisi mmoja aliuawa katika kizuizi kilicho karibu na monasteri yenyewe. Mahujaji walipungua sana, na familia za Kibedui zilizotegemea ngamia zikapata shida. Hakikisha tahadhari za wakati huo kabla ya kuondoka.

Ardhi ni ya nani?

Mei 28, 2025 mahakama ya rufaa ya Ismailia ilitoa hukumu katika kesi ya muda mrefu kati ya monasteri na mamlaka za Misri. Kwa ufupi, mahakama ilisema watawa wana haki ya kuitumia monasteri na maeneo ya kidini yanayoizunguka, lakini mwenye mali ni dola.

Kwa mwanasheria huenda tofauti hiyo ni ya kiufundi. Kwa mtawa ambaye mtangulizi wake aliikuta ngome hiyo kabla dola ya sasa ya Misri haijafikiriwa, ni sawa na kuambiwa kuwa amekuwa mpangaji katika nyumba ya baba yake. Monasteri ilifunga milango kwa wageni kuonyesha kutoridhika. Kanisa la Ugiriki lililalamika, na serikali ya Athens ikaanza mazungumzo na Cairo. Ofisi ya Rais wa Misri kwa upande wake ilisisitiza kuwa hadhi ya kidini ya mahali hapo haitaguswa.

Hukumu hiyo ilikuja wakati mbaya. Tangu mwaka 2021 serikali ya Misri imekuwa ikijenga mradi mkubwa wa utalii katika mji wa Mtakatifu Katarina, wenye hoteli, nyumba za wageni, barabara na upanuzi wa uwanja wa ndege. Serikali inauona kama zawadi ya Misri kwa ulimwengu na kwa dini zote, na hoja ya ajira katika eneo lililosahauliwa si ya kubeza. Lakini sehemu ya majengo imesimama katika uwanda wa Raha, ule ambao kwa mapokeo Waisraeli walipiga kambi wakimngoja Musa ashuke.

UNESCO, iliyoliandikisha eneo hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 2002, ilieleza wasiwasi wake mwaka 2023 na kuitaka Misri isitishe ujenzi zaidi hadi athari zitathminiwe. Taarifa zilizochapishwa mwaka 2025 zilieleza pia kuwa nyumba na kambi za Wajebeliya zilibomolewa na makaburi yao kuhamishwa ili kupata nafasi ya maegesho ya magari. Katika mabishano kati ya Athens na Cairo, Wabedui hao ndio waliotajwa kidogo kuliko wote.

Ndani ya kuta nako hakukuwa shwari. Kiangazi cha mwaka huo watawa waligawanyika kuhusu sheria iliyopitishwa na bunge la Ugiriki kuhusu monasteri, na Askofu Mkuu Damianos, aliyeiongoza tangu mwaka 1973, akang'atuka. Septemba 2025 watawa walimchagua Symeon kushika nafasi yake.

Anayetaka kwenda na azingatie jambo moja la kiutendaji. Hoteli mpya zinapokamilika, mgeni anaweza kulala, kupanda mlima na kuondoka bila fedha yake kufika kwa Mjebeliya hata mmoja. Mwongozaji wa Kibedui atakayekupeleka kwa njia ya bustani za zamani, ukalala kwenye kambi ya ukoo wake na kula mkate uliookwa juu ya bati la moto, hupatikana kwa kuuliza kijijini. Uliza mchana, maana saa nane usiku kila mtu ana haraka.